Portal Haijui Luku Yako

Mtaani kuna sheria hakuna mtu aliwahi kuandika na kila msee anaijua: usionyeshe umesota. Unaeza kuwa ulilalia chai mkavu, lakini asubuhi ukitoka kwa ploti ndula ni safi, kichwa imechongwa, na beshte akikuuliza rada unamshow "fiti tu, tunasukuma." Na si vibaya. Hiyo kiburi imebeba wasee wengi hadi sai. Noma inaanza siku ya kujaza fomu ya doh ya campo. Hapo ndio kiburi inageuka kuwa deni.

Ju portal ya HEF, ile ya kuombea hiyo doh, haikuonangi. Haijui luku yako, haijui mko wangapi kwa single moja, haijui mathe huamka saa kumi kuenda soko. Inajua kile umeandika na zile karatasi umeweka, basi. Na wasee wengi wa mitaa wakifika pale kwa mapato ya mzazi, aibu inawashika shingo. Wanajaza familia ile wangependa kuwa nayo.

Rada iko hivi. Ukimaliza KCSE na upate C+ kuenda juu, KUCCPS inakupatia campo na kozi. Wengi hudhani mchezo umeisha hapo. KUCCPS imekupatia nafasi, haijakupatia hata ashu. Doh unaenda kuiomba mwenyewe kwa hef.co.ke, na kwa hiyo fomu moja unaomba vitu mbili: ufadhili wa gava, ile hutarudisha, unatoka Universities Fund, na mkopo wa HELB, ile utarudisha hadi senti ya mwisho. Kile kinabaki ni cha familia.

Hii mpango Ruto aliizindua Mei 2023. Kabla ya hapo, msee wa campo ya gava alikuwa analipa 16,000 kwa mwaka, akuwe anasomea udaktari ama historia, na gava inafaa kubeba asilimia 80 ya gharama. Inafaa, nimesema. Doh ilikuwa inafika ikiwa imekonda, hadi campo za umma zikabaki na madeni ya mabilioni. Kwa hivyo ile stori ya ankol wako, eti enzi zao walisoma na ngiri kumi na sita na boom, yaani ule mkopo wa kujikimu, ikabaki ya kutuma ushago, ni ya ukweli. Lakini haikusaidii.

Sai kila msee anawekwa kwa Band, 1 hadi 5. Band 1 ni familia inapata chini ya 5,995 kwa mwezi: gava inalipa asilimia 70 ya karo, mkopo 25, kwenu 5. Band 2 inafika 23,670: ni 60, 30, 10. Band 3 mwisho ni 70,000: ni 50, 30, 20. Band 4 inafika 120,000: ni 40, 30, 30. Wale wako juu ya hapo ni Band 5: 30, 30, 40. Boom nayo inashuka ngiri tano kila ukipanda Band: 60,000 kwa mwaka kwa Band 1, hadi 40,000 kwa Band 5.

Tuseme kozi yako ni 200,000 kwa mwaka. Ukiwa Band 1, kwenu wanatoa 10,000. Ukiwa Band 5, wanatoa 80,000. Darasa ni moja, lec ni yule yule, hata ule mtihani mgumu mnaanguka pamoja.

Anayekuweka kwa Band si MP wala chifu. Ni chombo cha kupima uwezo, makomredi wanaiita MTI, na inaangalia vitu kadhaa: mapato ya kwenu, mko wangapi, ka umepoteza wazazi, ka kwenu ni sehemu iliyoachwa nyuma tangu zamani, ka kuna ulemavu, gharama ya kozi, hata ka wewe ni chali ama dem. Inachanganya, inatoa jibu. Ukiipatia uongo mtamu, itakupatia jibu chungu.

Sasa nikuonyeshe venye uongo huingia bila hata mtu kukusudia. Mathe anauza sukuma na nyanya kando ya stage. Siku poa anashika ngiri moja na jirongo. Ukiulizwa mathe hupata ngapi, unapiga hesabu haraka: 1,500 mara siku ishirini na sita, hiyo ni 39,000 kwa mwezi. Unajaza. Unajiskia hata poa, kumbe mathe ni mkubwa hivi.

Lakini hiyo 1,500 si ya mathe. Asubuhi alinunua mzigo sokoni, akalipa mkokoteni, akalipa ushuru ya kanjo, nyanya zingine zikaoza. Ile inabaki kwa leso jioni ni ka soo tatu. Soo tatu mara siku ishirini na sita ni 7,800. Hiyo ndio mapato. Ukiandika 39,000 umejipeleka Band 3. Ukiandika 7,800 uko ndani ya Band 2. Kwa ile kozi ya 200,000, Band 3 inaambia kwenu watoe 40,000, Band 2 inasema 20,000. Tofauti ni ngiri ishirini kila mwaka. Mathe wa soo tatu kwa siku atauza sukuma zaidi ya miezi mbili bila kula, bila rent, ndio afidie hesabu ulipiga na dakika moja. Na boom yako pia imepungua ngiri tano hapo hapo.

Mapato si kitu pekee inapimwa, nimeshasema, kwa hivyo usidhani namba moja itakuweka mahali unataka. Lakini ni namba inauma ikikosewa. Boda ni vile vile: toa mafuta, toa ya mwenye pikipiki, toa ya sacco, toa siku za mvua, ndio uandike. Na ka mzae ako na ekari moja ushago ya mahindi ya kula, hiyo ni chakula, si mshahara.

Alafu kuna upande ule mwingine. Kuna mtoi ameletwa na gari kubwa, ameandika eti mzae ni "mkulima mdogo." Wako. Kila mtaa inawajua. Kudanganya kwa fomu ya HELB ni kosa kisheria, na hiyo si kazi yangu ya kufuatilia. Mimi naongea na yule ako na haki ya kusema ameishiwa na hataki kusema.

Na hiyo kutotaka inaanzia cyber. Ingia cyber yoyote ya mtaa wiki ya mwisho ya kuaplai. Kibodi imefutika herufi, jamaa anachapa na vidole viwili kama anakimbizwa, na hapo nyuma kuna line ya wasee, nusu yao mlisoma na wao primo.

"Mzae anafanya?"

"Ako tu."

"Ako tu ni kazi gani? Naweka biashara."

"Sawa."

"Hupata ngapi?"

Hapo kila msee kwa line anaacha kucheki simu. Yule dem umekuwa ukimwinda tangu Januari ako nafasi ya tatu. Sasa niambie, nani atasema "hapati kitu"? Unasema thelathini. Jamaa anachapa 30,000, anabonyeza, anakudai soo mbili, anaita mwingine. Miaka minne ya karo imeamuliwa na watu walikuwa wanataka tu kuprint.

Usiende saa hiyo. Fomu hujazika na simu ya kawaida ka uko na bando, ukiwa kwenu, mathe akikaa hapo kando akikuambia ukweli. Ka lazima iwe cyber, enda asubuhi kabla watu hawajaamka, ama enda Huduma Centre, pale kila mtu ako na shida yake na hakuna mwenye anakujua. Kabla uende, keti na wazazi na uandike kila kitu kwa karatasi. Kuongea doh na mzae si rahisi, najua. Wazazi wengi hawajawahi ambia watoto wao wanapata ngapi, na wengine hata wao hawajawahi piga hiyo hesabu. Muulize kwa heshima, usimhoji kama karao. "Mzae, wanataka kujua kwa mwezi hubaki na kama ngapi, ndio nisiandike kitu itatusumbua." Atakuambia.

Kitu ingine ya cyber: jamaa asifungue email na jina yake, asiweke namba yake, asikuwekee paswadi ile huwekea mtaa mzima. Kuna makomredi wamefika sem ya pili hawawezi ingia kwa akaunti yao wenyewe, ju jamaa wa cyber alifunga duka akahamia Kitengela. Email iwe yako. Namba iwe imesajiliwa na ID yako, si ya siste, ju boom inatumwa kwa jina yako. Ukimaliza, toka kwa akaunti mbele ya macho yako.

Karatasi nazo, anza mapema. ID yako, za wazazi, birth certificate, barua ya admission, na ID za wadhamini. Hapa kwa wadhamini kuna drama. Ankol mwenye ako na kazi anadinda kutoa ID, eti hataki kutafutwa na HELB uzeeni. Hajakosea sana: mdhamini ndio huulizwa ukipotea na deni. Mwambie ukweli huo, usimwambie ni "karatasi tu ya shule."

Ka umepoteza mzazi, kile kikaratasi cha kuzikia, ile burial permit, si cheti cha kifo. Familia nyingi zilizika, zikarudi nyumbani, zikaweka hiyo permit kwa Biblia na hazikuwahi fuata cheti. Portal haitambui Biblia. Cheti hutolewa na ofisi ya usajili wa vifo na uzazi, na ka mzazi alikufa kitambo itachukua muda, kwa hivyo usingojee wiki ya mwisho. Ka mzae aliingia mitini na ni mathe pekee amekulea, usiandike jina ya mzae na namba ya kubahatisha ndio fomu isikae na pengo. Tafuta barua ya chifu inaeleza vile kwenu kuko. Na ka high school ulilipiwa na Wings to Fly ama mfadhili mwingine, barua yao iweke, ju inaonyesha kuna mtu alishakagua kwenu akaona ukweli.

Hata ukijaza kila kitu sawa, MTI inaeza kukuchorea mahali huelewi. Mwaka wa 2024 ilikuwa kelele nchi nzima: watoto wa vibarua kwa Band 4 na 5, wazazi wakishika barua za admission kama wameshikwa na polisi, makomredi wakipanga kuingia barabara. Gava ikaunda kamati, ikafungua rufaa. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na Desemba 20, 2024 Jaji Chacha Mwita akasema huo mpango wote unakiuka katiba. Wengi wakasherehekea wakidhani imeisha. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hiyo hukumu mwaka uliofuata, mpango ukaendelea. Kisha kuanzia Septemba 1, 2025 gava ikakata karo zenyewe kati ya asilimia 15 na 40, kwa hivyo hesabu ya broo wako wa mwaka wa tatu usiitumie. Angalia barua yako.

Ka umewekwa Band si yako, usikae kwa base ukilaumu. Omba ikaguliwe upya, na uombe na karatasi: cheti, barua ya hospitali, fee structure za ndugu wako shuleni, chochote kinaongea. Malalamiko bila karatasi ni kelele tu. HELB wako Anniversary Towers pale University Way, na wako kwa Huduma Centre, na *642# inashika hata kwa mulika mwizi. Kile huhitaji ni jamaa wa Telegram anadai ngiri mbili eti "ako na mtu ndani" wa kukushusha Band. Hana mtu ndani. Ako na till namba tu.

Bursary ya CDF na ya kaunti usizidharau ju ni kidogo. Inaeza kuwa ngiri tano, inaeza kuwa kumi, na inahitaji mhuri wa chifu, barua ya pasta ama imamu, fee structure na mguu ya kuzunguka ofisi. Cheki inaandikwa jina ya campo, kwa hivyo usiihesabie ndula. Lakini kwa mtu wa Band 1 mwenye familia inafaa kutoa ngiri kumi, bursary moja inaeza kumaliza hiyo sehemu yote. Hapo ndio hesabu za Band zinaanza kukupendelea.

Sasa mkopo. Watu huogopa mkopo wa HELB kuliko ile ya simu, na ni kinyume kabisa. HELB riba ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa wiki. Unaanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Kile kinauma ni kunyamaza: ukikosa kulipa, faini ni 5,000 kila mwezi, na jina yako inaeza pelekwa CRB. Na siku utaitwa kazi ya gava, watakuuliza cheti ya HELB pamoja na ya KRA na ile ya good conduct. Ka umemaliza na wera haijapatikana, waambie haujapata, na uendelee kuwaambia. Mikopo ya campo hii nchi ilianza rasmi 1974, ikakopwa na wengi, ikalipwa na wachache, hadi ikabidi HELB iundwe kwa sheria mwaka wa 1995 ili kuwe na mtu wa kufuatilia. Hiyo doh inazunguka: ile utapokea leo, sehemu yake imetoka kwa mshahara wa msee alimaliza kitambo na anakatwa kila mwezi akinung'unika.

Na boom yenyewe? Tuone. Band 1 ni 60,000 kwa mwaka, so ngiri thelathini kwa sem. Sem ni ka miezi nne. Hiyo ni 7,500 kwa mwezi. Ka keja yako Juja ni ngiri tano, unabaki na ngiri mbili na jirongo ya kudishi, nauli, kuprint na bando. Inawezekana, chapo madondo haijawahi kumwangusha mtu, lakini haina nafasi ya sherehe ya wiki moja. Kila campo iko na yule msee wa wiki ya kwanza ya boom: ndula mpya, mbogi yote imekaa kwa meza yake, anaitwa "mheshimiwa." Wiki ya tatu anaomba chumvi kwa jirani. Na boom haifikangi na kalenda yako. Hazina ikichelewa kutoa, HELB haina cha kutuma, na sem itaanza bila wewe kuwa na hata nauli. Enda na kitu ya mwezi wa kwanza, hata ka ni unga na mafuta ya kutoka nyumbani. Komredi mwenye amebeba debe ya mahindi kutoka ushago hachekwi. Anatembelewa.

Kitu ya mwisho wasee husahau: mkopo haujiendeshi. Mwaka wa pili unaaplai tena, wa tatu tena, na kuna siku ya mwisho kila mara. Unapata komredi wa mwaka wa pili analia boom haijaingia, kumbe hakuwahi kuaplai. Alidhani ni kama mshahara. Weka alarm kwa simu, fuata namba zao rasmi, usingojee kuskia kwa grupu ya darasa. Na ka kwenu kumebadilika, fomu mpya lazima iseme. Mathe ameanza kuugua, ama mzae amefutwa wera pale industrial area, hiyo inabadilisha hesabu yote, lakini inahitaji barua ya hospitali ama ya kufutwa. Ya mzae iko, na ako nayo: ameikunja kwa mfuko wa koti ya kanisa na hajaambia mtu. Muombe pole pole. Akikuuliza ni ya nini, mwambie portal inafungwa Ijumaa.